Kasi Bila Upande ni Nusu ya Jibu

Naomba nafasi katika gazeti letu la muhula huu nitoe maoni yangu juu ya jambo ambalo wenzangu wengi huliona dogo, nami naliona kubwa. Jambo lenyewe ni tofauti iliyopo baina ya kasi na velositi. Najua kwamba wasomaji wa gazeti hili si wanafunzi wa Fizikia peke yao. Wamo wazazi wetu, wakulima wa mahindi na maharage, wafanya biashara, na walimu wa masomo mengine. Nawaomba wasifunue ukurasa mwingine upesi. Jambo hili lawahusu kila wapandapo gari, na kila wamtumapo mtoto dukani ng'ambo ya barabara.

Katika Kidato cha Pili tulifundishwa kwamba kasi ni umbali wa njia yote iliyokwendwa, ukigawanywa kwa muda uliotumika. Tukafundishwa kwamba velositi ni umbali wa moja kwa moja toka mahali pa kuanzia hadi mahali pa kuishia, ukigawanywa kwa muda huo huo, na tena lazima upande wa kuelekea utajwe. Maneno hayo tumeyakariri barabara. Mwamshe mwanafunzi yeyote bwenini usiku wa manane, umwulize, atakujibu hata hajafumbua macho, "Kasi ni skala, velositi ni vekta." Lakini mwulize swali la pili, "Basi yafaa nini kuzitenga?" Hapo wengi hunyamaza. Tena wapo wasemao waziwazi kwamba hapana tofauti yoyote. Waingereza wana maneno mengi tu, nasi twasumbuliwa kukariri maneno mawili ya kitu kimoja. Maoni hayo siyakubali, na sababu zangu ni hizi.

Tuanze na njia tunayoijua sote. Barabara itokayo Sumbawanga kwenda bandari ya Kasanga katika Ziwa Tanganyika ni ya kilometa 110 hivi. Haiendi moja kwa moja. Kwanza huelekea kusini hadi Matai, makao makuu ya Wilaya yetu ya Kalambo. Kisha hugeukia magharibi kulifuata ziwa, ikipinda penye vilima na kuteremka toka nyanda za juu za Ufipa hadi ufukoni. Lakini mtu akichukua ramani na rula, akapiga mstari ulionyooka toka Sumbawanga hadi Kasanga, ataona kwamba mstari huo ni wa kilometa 75 hivi tu, nao waelekea kusini-magharibi.

Sasa tuseme gari limeondoka Sumbawanga na kufika Kasanga kwa muda wa saa mbili na nusu. Kasi yake ya wastani ni 110 kugawanywa kwa mbili na nusu, yaani kilometa 44 kwa saa. Velositi yake ya wastani ni 75 kugawanywa kwa mbili na nusu, yaani kilometa 30 kwa saa kuelekea kusini-magharibi. Gari ni moja, dereva ni mmoja, saa ni zilezile. Lakini majibu ni mawili, wala hayafanani. Je, lipi ni la kweli? Yote mawili ni ya kweli, kwa sababu yajibu maswali mawili mbalimbali.

Mwenye gari atakaye kujua dizeli iliyokwisha na matairi yaliyolika, huyo hujali njia yote iliyokwendwa, kona kwa kona, mlima kwa mlima. Swali lake lajibiwa na kasi. Lakini mtu aliyekaa Kasanga akimngoja mgeni wake hajali kona zilizopindwa. Ataka kujua mgeni anamkaribia kiasi gani kila saa ipitayo. Swali lake lajibiwa na velositi. Gari laweza kukimbia siku kutwa likizunguka uwanja wa mpira wa Matai, likachoma dizeli na kutimua vumbi, na mtu wa Kasanga asikaribiwe hata hatua moja.

Wazee wa pwani walilijua jambo hili kabla ya shule zetu kujengwa. Walisema, "Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani." Tezi ni upande wa nyuma wa chombo, omo ni upande wa mbele, na ngama ni mahali ndani ya chombo ambapo maji yaliyovuja hukusanyika. Mtu aweza kwenda mbele na nyuma ya jahazi mchana kutwa, lakini mwisho atarudi ndani. Mwalimu wa Fizikia angesema kwamba umbali wa njia yake ni mkubwa, na umbali wake wa moja kwa moja ni sifuri. Methali ile ina maana yake nyingine ya maisha, lakini hesabu yake pia ni sahihi kabisa.

Mfano mkubwa kuliko huo tumepewa na jirani yetu wa Uganda, Joshua Cheptegei. Tarehe 7 Oktoba mwaka 2020, katika mji wa Valencia nchini Hispania, alikimbia mita 10,000 kwa dakika 26 na sekunde 11, akaweka rekodi ya dunia. Piga hesabu: dakika 26 na sekunde 11 ni sekunde 1,571, mita 10,000 kugawanywa kwa sekunde hizo ni mita 6 na theluthi moja na zaidi kidogo kila sekunde, karibu kilometa 23 kwa saa. Wengi wetu hatuwezi kumfuata kwa mbio hizo hata mzunguko mmoja. Lakini mbio za mita 10,000 ni mizunguko 25 ya uwanja wa mita 400; aanziapo mtu ndipo amaliziapo. Basi velositi yake ya wastani kwa mbio zote ilikuwa sifuri!

Wenzangu wakilisikia hili hucheka, wakasema, "Unaona? Velositi ni upuuzi. Yawaje mshindi wa dunia apewe sifuri?" La hasha! Si upuuzi. Hakuna aliyemwambia Cheptegei kwamba hakukimbia. Kila nukta alikuwa na velositi yake, kubwa kwelikweli, mara kuelekea upande huu, mara kuelekea upande ule. Velositi za upande mmoja wa uwanja zilifutana na zile za upande wa pili. Mashindano yale yalipima kasi, na kwa kasi alishinda. Lakini kama angekuwa tarishi aliyetumwa kupeleka barua mji wa pili, mizunguko 25 isingemfikishia barua hiyo hata mlango wa kwanza. Kila kipimo kina kazi yake, na ujinga ni kutumia kipimo kimoja kwa kazi ya kingine.

Tena tofauti hii yapoteza alama nyingi katika mitihani. Fikiri mpira uliopigwa ukutani. Umegonga ukuta kwa mita 6 kwa sekunde, ukarudi kwa mita 6 kwa sekunde. Je, velositi imebadilika kiasi gani? Wengi huandika sifuri, kwa kuwa sita kutoa sita hakuna kitu. Lakini mpira ulikuwa ukienda mbele, sasa unarudi nyuma. Tukiuita upande wa mbele chanya, basi velositi ya kwanza ni chanya 6 na ya pili ni hasi 6. Badiliko lake ni mita 12 kwa sekunde, tena kuelekea nyuma. Ukuta umefanya kazi mbili: umeusimamisha mpira, kisha umeurudisha. Anayeandika sifuri asema kwamba ukuta haukufanya kazi yoyote. Mwambie huyo asimame mahali pa ukuta, mpira uje kifuani pake, kisha aseme kama hakusikia kitu!

Lakini mitihani hupita. Sababu kubwa iliyonifanya niandike haya ni barabara. Tangu barabara yetu ya kwenda Kasanga ilipowekwa lami, magari na pikipiki hukimbia kuliko zamani. Lami ni neema, wala simsikii mtu atakaye kurudishiwa vumbi na tope. Lakini neema hii imekuja na mahesabu yake, na mahesabu hayo ni ya velositi.

Tazama kwanza kona. Dereva apinda kona, na mshale wa spidomita umetulia kwenye 36, haupandi wala haushuki. Ukimwuliza, atasema mwendo wake haukubadilika. Kasi yake, naam, haikubadilika. Lakini alikuwa akielekea kusini, na sasa aelekea magharibi. Basi velositi yake imebadilika, na pale velositi ibadilikapo pana mchapuko, na penye mchapuko lazima iwepo kani ya kuusababisha. Isaac Newton alitueleza katika kitabu chake cha mwaka 1687 kwamba kitu kilicho katika mwendo huendelea na mwendo wake huo huo, katika mstari ulionyooka, mpaka kani kutoka nje ikilazimishe kubadili. Gari halina hamu ya kupinda. Lataka kwenda moja kwa moja. Kinacholilazimisha kupinda ni msuguano wa matairi na barabara, basi.

Sasa tuweke tarakimu. Chukua gari dogo la kilo 1,000, na kona ambayo ni kipande cha duara lenye nusu kipenyo cha mita 50. Kwa mwendo wa kilometa 36 kwa saa, ambao ni mita 10 kwa sekunde, kani itakiwayo kulipindisha gari hilo ni nyutoni 2,000. Dereva akiongeza kasi mara mbili, yaani kilometa 72 kwa saa, watu wengi watadhani kani nayo itakuwa mara mbili. Sivyo. Itakuwa mara nne, nyutoni 8,000. Kwa maana kani hiyo hufuata kasi iliyozidishwa kwa kasi yenyewe. Na nyutoni 8,000 ni kama sehemu nne kati ya tano za uzito wote wa gari lile. Lami kavu na matairi mapya huenda yakaistahimili kani hiyo kwa shida. Lami yenye maji, au mchanga uliomwagika, au matairi yaliyokwisha meno, haviwezi. Hapo gari hufanya alilosema Newton: huacha kupinda, likaenda moja kwa moja mahali lilipokuwa linaelekea, yaani mtaroni au bondeni. Watu husema, "Gari limetupwa nje." Halikutupwa na mtu. Halikupata tu cha kulipindisha.

Kwa hiyo kibao cha kona kando ya barabara si pambo, wala si amri ya kumchelewesha abiria. Kibao kile chamwambia dereva, "Hapa velositi yako itabadilika, upende usipende, punguza kasi ili matairi yaweze kazi hiyo." Katika wilaya yetu tuna kata iitwayo Legezamwendo. Natamani jina hilo liandikwe penye kila kona toka Sumbawanga hadi ziwani.

Tazama pili magari mawili yanayokutana. Spidomita ya basi yasoma 80, na ya gari la pili yasoma 80. Kwa kasi yako sawasawa. Yakienda upande mmoja, moja nyuma ya lingine, nafasi iliyo kati yao haipungui hata mita moja. Yaweza kwenda hivyo hata Tunduma. Lakini yakielekeana, hukaribiana kwa kilometa 160 kwa saa, ambayo ni mita 44 kila sekunde. Spidomita hazikusema lolote juu ya hilo, kwa kuwa spidomita haina macho. Hujua kasi, upande haiujui. Upande ni kazi ya dereva.

Hapa ndipo wengi hukosea wanapotaka kulipita gari lililo mbele. Tuseme lori laenda kilometa 60 kwa saa, na basi lililo nyuma yake laenda 80. Dereva wa basi hulipita lori kwa tofauti ya kilometa 20 tu kwa saa, yaani mita 5 na nusu hivi kwa sekunde. Ili atoke nyuma ya lori, alimalize, na kurudi mbele yake kwa usalama, ahitaji kulizidi kwa mita 50 hivi. Hizo ni sekunde 9. Kwa sekunde 9 basi lenyewe limekwenda mita 200 upande usio wake. Na gari litokalo mbele kwa kilometa 80 kwa saa nalo limekuja mita 200. Jumla ni mita 400, sawa na viwanja vinne vya mpira vilivyopangwa kwa urefu. Dereva asiyeona mita 400 zilizo wazi mbele yake, naye hupita, huyo amepiga hesabu ya kasi yake peke yake, akasahau velositi ya mwenziwe. Na abiria wote waliomo ndani ndio hulipa kosa la hesabu hiyo.

Tazama tatu mtoto avukaye barabara kwa miguu. Hili nawaomba wazazi walisome mara mbili. Barabara yenye upana wa mita 7, mtoto atembeaye mita 1.2 kwa sekunde huivuka kwa sekunde 6 hivi, ikiwa ameikata moja kwa moja. Lakini watoto wengi, na watu wazima pia, huvuka kwa mshazari, wakielekea kule waendako ili kufupisha safari. Akivuka kwa mshazari wa nusu pembe mraba, njia yake juu ya barabara yawa karibu mita 10, naye hukaa barabarani zaidi ya sekunde 8. Kasi ya miguu yake ni ileile, hakuzembea, hakucheza. Lakini sehemu tu ya mwendo wake ndiyo inayomvusha, na sehemu ya pili yampeleka kando. Amejiongezea sekunde mbili na zaidi katika mahali pa hatari. Gari la kilometa 50 kwa saa huenda karibu mita 14 kila sekunde. Katika sekunde hizo mbili na ushei limekwisha kula mita 30 na zaidi. Mita 30 zaweza kuwa ndizo tofauti ya mtoto aliyefika dukani na mtoto asiyefika. Basi tumfundishe mtoto kuivuka barabara kwa njia iliyonyooka, ya kuikata toka ukingo hadi ukingo, kisha ndipo afuate kando aendako. Hiyo ndiyo Fizikia, wala haihitaji maabara.

Sasa nirudie wale wasemao kwamba yote haya ni wingi wa maneno ya Kiingereza. Kwanza, hata hao Waingereza sokoni kwao huyatumia maneno hayo mawili kana kwamba ni moja. Neno velositi asili yake ni Kilatini, na maana yake ya mwanzo ni wepesi wa mwendo tu, bila habari za upande. Ni wanasayansi walioketi wakaamua kulipa kazi maalum. Pili, tazameni Wajerumani, waliotawala hapa na kuuita mji wa Kasanga jina la Bismarckburg. Lugha yao hutumia neno moja kwa kasi na kwa velositi pia. Lakini ni wao waliojenga mwaka 1913 meli ambayo baadaye iliitwa Liemba, nayo imetembea Ziwa Tanganyika kwa miaka mingi sana. Upungufu wa neno haukuwazuia kuujua upande wa kuelekea. Neno husaidia, lakini kinachotakiwa ni fikira.

Wala Kiswahili chetu si maskini katika jambo hili. Wapwani waliupa upepo majina kwa upande utokako: wauita kaskazi ule utokao kaskazini kati ya Desemba na Machi, na kusi ule utokao kusini katikati ya mwaka. Nahodha wa zamani asingefunga safari kwa kuambiwa tu, "Leo kuna upepo mkali." Angeuliza mara moja, "Upepo gani?" Upepo mkali wa kusi ni msaada kwa mwenye kutoka Unguja kwenda Lamu, na ni kizuizi kwa mwenye kutoka Lamu kwenda Unguja, ukali ni uleule. Basi mabaharia wasiopata kuona kitabu cha Fizikia walikuwa na velositi vichwani mwao, na maisha yao yaliitegemea. Nasi wenye vitabu tuwe nyuma yao?

Kwa waalimu wetu, nawaomba kwa heshima. Mwajua kwamba shule za msingi za serikali hufundisha kwa Kiswahili, na tufikapo sekondari Fizikia hufundishwa kwa Kiingereza. Mwanafunzi mgeni wa lugha hulishika neno na kuliacha wazo. Haifai kumlaumu, yafaa kumtoa nje. Uwanja wetu ni mpana. Kamba ya mita 50, saa yenye kuhesabu sekunde, na vigingi vinne vyatosha. Mwanafunzi mmoja atembee kuzizunguka pande nne za mraba, mwingine aukate kwa katikati toka pembe hadi pembe, na wengine waandike muda. Mwenye kuzunguka pande mbili na mwenye kukata katikati wakifika pembe moja kwa wakati mmoja, darasa lote litaona kwa macho kwamba kasi zao ni mbili na velositi yao ya wastani ni moja. Saa moja ya somo la namna hiyo yashinda kurasa kumi za kunakili toka ubaoni.

Kwa wazazi, neno langu ni fupi. Msimsifu dereva kwa kuwa amewafikisha upesi. Msifuni kwa namna alivyopinda na namna alivyopita. Na kijana wenu wa bodaboda akijigamba kwamba pikipiki yake yafika mia, mwulizeni, "Ikifika mia penye kona, itaelekea wapi?" Swali hilo laweza kumwokoa kuliko ugomvi.

Kwa wenzangu wa Kidato cha Nne, mtihani wa taifa hautatungoja. Kila mtakapoandika velositi, andikeni na upande wake: kaskazini au kusini, juu au chini, chanya au hasi. Mkiuacha upande, mmeandika kasi, na msahihishaji hana haki ya kuwasomea yaliyomo mioyoni. Tena nawaombeni tuyachukue mafunzo haya hata katika kusoma kwetu. Wapo kati yetu wasomao kwa bidii kubwa. Hukesha na taa, hufunua leo Historia, kesho Baiolojia, keshokutwa hurudia ukurasa ule ule wa Historia, wala hawakupanga wanakwenda wapi. Bidii yao ni kweli, nami naiheshimu. Lakini mwisho wa muhula, ukipima toka walipoanza hadi walipofika, hatua ni ndogo. Na yupo mwingine asomaye polepole, saa mbili tu kila jioni, lakini kwa ratiba na kwa upande mmoja. Huyo ndiye wa kutazamwa Novemba.

Nchi yetu imejaa watu wasemao, "Twende mbio, tumechelewa." Sina ugomvi na mbio, tumechelewa kweli katika mambo mengi. Lakini kila tuambiwapo kuongeza mwendo, yafaa tuwe na ujasiri wa kuuliza swali moja la nyongeza, nalo ni hili: kuelekea wapi? Asiyeweza kulijibu bado hajasema velositi yake, hata akitaja tarakimu kubwa namna gani.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne,
Msanzi